Samahani, Una Dakika Moja?

Nianze na siku wateja walipopokea ankara mbili mbili.

Ilikuwa saa nne na ushee asubuhi, nami nimezama kwenye kipande cha msimbo wa programu kinachotuma ankara upya pale mtandao unapokatika katikati ya safari. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, mistari arobaini hivi, ila ilikuwa na mtego wake: kabla ya kutuma tena, lazima uhakikishe kwamba ile ya kwanza kweli haikufika. Kichwani nilikuwa nimebeba vitu vinne kwa mpigo: namba ya ankara, hali yake kwenye hifadhidata, jibu la seva ya upande wa pili, na muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa kwanza wa ule ukaguzi, vidole vingali juu ya kibodi, nikaguswa begani.

"Samahani kaka, una dakika moja?"

Alikuwa mwenzetu wa huduma kwa wateja, mtu muungwana kupita kiasi, na swali lake lilikuwa halali kabisa. Mteja amepoteza barua pepe aliyojisajili nayo, sasa afanyeje ili aingie tena? Nikamjibu. Hazikupita dakika tatu. Akashukuru, akaenda zake. Nikageukia skrini, nikapitia mistari ya juu, nikaliona lile jina la ukaguzi nililokuwa nimelianza, na kichwa kikaniambia kwa uhakika wa mtu aliyekula kiapo: hii umeshaimaliza. Nikaendelea na kinachofuata.

Majaribio yote yalipita, kwa sababu jaribio la hali hiyo nilipanga kuliandika baada ya ukaguzi wenyewe. Mwenzangu aliyeupitia msimbo wangu kabla haujapanda kwenye seva naye alikuwa na watu wawili wanamsubiri mezani. Usiku mtandao ukayumba. Kulipokucha, simu zikaanza kuita.

Miaka kadhaa nilikisimulia kisa hiki nikimtupia lawama yule aliyenigusa bega. Kilikuwa kisa kitamu, watu walicheka, na mimi nilitoka safi. Siku hizi naona nilikuwa namwonea. Mteja wake alikuwa kwenye simu, anasubiri. Hakukuwa na ukurasa wa kubadilisha barua pepe, hakukuwa na maelezo yaliyoandikwa popote, na hakukuwa na mtu aliyepangiwa kujibu. Angekwenda wapi? Kitu pekee kilichokuwa wazi saa hiyo ni bega langu.

Nimefanya kazi kwenye timu nne za programu, na katika zote nimesikia kilio kilekile cha kukatizwa. Kote tiba ya kwanza imekuwa kuwaambia watu wanyamaze, na sijaona mahali ilipofanya kazi kwa zaidi ya mwezi mmoja. Swali ukilizuia mlangoni halifi. Linazunguka nyuma, linaingilia dirishani, na likifika limeshageuka kuwa dharura.

Kwanza kuhusu hicho kinachovunjika mtu anapokatizwa, maana asiyefanya kazi hii huona tunadeka. Dakika tatu ni dakika tatu, si urudi tu ulipoachia? Tatizo ni kwamba pale nilipoachia hapakuandikwa popote. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alikadiria kwamba akili huweza kushikilia vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa na vinne, na swali la barua pepe lilikuja na vyake. Faili liko palepale, kishale kinapepesa palepale, lakini picha uliyokuwa umeijenga imeshabomoka, na kuijenga upya kunakutaka urudi kwenye mafaili uliyopitia, usome upya, ukumbuke kwa nini ulikataa njia ya kwanza ukachagua ya pili.

Chris Parnin na Spencer Rugaber wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, waliwahi kulipima jambo hili. Walichambua vipindi 10,000 vya kazi vilivyorekodiwa kutoka kwa waandishi wa programu 86. Pale mtu alipokatizwa akiwa katikati ya kuandika, ni asilimia 10 tu ya nyakati ndipo aliporejea kuandika ndani ya dakika moja. Mara nyingi alizunguka kwanza kwenye mafaili mengine, kama mtu anayetafuta funguo zake chumba kwa chumba. Na kwa siku nzima, walikadiria, mtu anaweza kutegemea kupata kipindi kimoja tu cha saa mbili zisizokatwa. Kimoja. Nilipolisoma hilo nilihisi nafuu ya ajabu, maana nilikuwa nimeshaanza kudhani ni uzee.

Hata hivyo, kuna utafiti mwingine ambao watu wa upande wetu hatupendi kuutaja. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake wawili walichukua watu 48 wakawapa kazi ya kujibu barua pepe, kisha wakawakatiza baadhi yao kwa maswali. Waliokatizwa walimaliza haraka zaidi, tena ubora wa kazi haukushuka. Bosi akisikia hapo tu atafurahi. Ila watu haohao, baada ya dakika 20 tu za kukatizwakatizwa, walieleza kuwa na msongo zaidi, kero zaidi, na hisia ya kukimbizwa. Walikuwa wanafidia kwa kukaza mwendo, na hata barua zao zilikuwa fupi zaidi. Mimi nausoma utafiti huo hivi: ndiyo maana timu inaweza kukatizwa mwaka mzima bila jedwali lolote la meneja kuonyesha kitu. Kazi inatoka. Wanaoisha ni watu. Tena kujibu barua pepe ni kazi ya kipande kimoja kimoja. Msimbo wa ankara ukiuharakisha haufupiki, unapungukiwa ukaguzi.

Baada ya kile kisa cha ankara nilichukua daftari. Si programu ya kupima muda, ni daftari la karatasi na kalamu, kwa sababu nilitaka kuandika bila kufungua dirisha jipya. Kila nilipokatizwa nilichora kijistari. Safu ya kwanza ilikuwa ya watu waliokuja mezani, ya pili ya meseji na simu. Siku ya tatu nikalazimika kuongeza safu ambayo sikuipanga, maana niligundua kuna vijistari visivyo na mwenyewe. Hakuna aliyenigusa wala aliyeniandikia. Msimbo ulianza kuchukua sekunde arobaini kujengwa, yaani kugeuzwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa, nikafungua gumzo la timu. Jaribio likafeli kwa sababu nisiyoielewa, nikaenda kuangalia barua pepe. Nilifika sehemu ngumu, ile ambayo inabidi ukae kimya uwaze, mkono ukaenda wenyewe kwenye simu.

Mwisho wa wiki ya pili safu ya tatu ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Kikundi cha Gloria Mark, kilipowafuata wafanyakazi wa ofisini nyuma kwa nyuma na saa mkononi, kilikuta hivyohivyo: karibu nusu ya nyakati mtu hujikatiza mwenyewe. Nililifunga lile daftari nikakaa nalo siku mbili bila kumwonyesha mtu.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye daftari lililonifedhehesha zaidi. Siku moja nilichora vijistari upande wa pili wa karatasi: mara ngapi mimi nimemkatiza mwenzangu. Mezani kwa dada mmoja anayeijua hifadhidata yetu kuliko sote, nilikwenda mara sita. Maswali manne kati ya hayo yalikuwa na majibu kwenye msimbo wenyewe, dakika tano za kusoma. Nilikuwa nimejipunguzia dakika tano zangu kwa kuchukua robo saa yake, na kila mara nilianza na "samahani".

Tiba za mwanzo nizipitie haraka, maana karibu kila timu imeshazipitia. Tulivaa hedifoni. Ikawa kanuni kwamba mwenye hedifoni haguswi, na ndani ya wiki mbili kila mtu alikuwa nazo masikioni kutwa nzima, zikawa hazina maana yoyote. Watu wakajifunza kupunga mkono mbele ya macho yako badala ya kukugusa. Tukaweka vibao vya rangi mezani, kijani na chekundu. Chekundu kilisahaulika juu ya meza hata mwenyewe akiwa likizo. Tukatangaza siku moja ya wiki isiyo na vikao, na vikao vyake vikahamia siku inayofuata, ambayo nayo ikageuka siku isiyo na kazi. Hili la mwisho silidharau sana, tumelibakiza. Ila hakuna hata moja kati ya hizi lililomsaidia yule wa huduma kwa wateja, ambaye mteja wake bado alikuwa kwenye simu.

Niseme pia kwamba timu ilikuwa imekua. Tulipokuwa watano, maswali yalikuwa yanaelea tu hewani na mwenye jibu alilidaka. Tukafika kumi na mmoja bila kubadili chochote. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta OS/360 pale IBM, aliieleza hesabu yake mwaka 1975: watu watano wana njia 10 za mawasiliano kati yao, watu kumi na mmoja wana njia 55. Timu imeongezeka mara mbili na kidogo, njia zimeongezeka mara tano na nusu, na kila njia ina mtu mwishoni mwake anayejaribu kuwaza.

Kilichotusaidia hatimaye ni kitu cha kizamani kabisa: zamu.

Kila wiki mtu mmoja anakaa zamu. Maswali yote ya nje, kutoka huduma kwa wateja, mauzo, fedha, uongozi, yanakwenda kwake, kupitia chumba kimoja cha gumzo kinachojulikana na wote. Ukimkuta mwingine mezani ukamuuliza, jibu lake ni moja: nani yuko zamu leo? Halijibiwi kwa ukali, linajibiwa kama mtu anavyokuelekeza dirisha la pili kwenye foleni. Aliye zamu hujibu anachokijua, hutafuta asichokijua, na akishindwa kabisa ndipo anapokwenda kumkatiza mwenye ujuzi, kwa niaba ya wote.

Kanuni iliyoibeba zamu, na ambayo tuliigombania zaidi, ni kwamba aliye zamu hapangiwi kazi nyingine yoyote. Hata tikiti moja, yaani kazi iliyoandikwa kwenye orodha ya timu. Meneja wetu aliona ni ubadhirifu: mtu mzima, mshahara mzima, wiki nzima amekaa anasubiri maswali? Tulijaribu kwanza kwa njia yake, zamu pamoja na "kazi ndogondogo za pembeni". Matokeo yake aliye zamu alichukia maswali kama sisi wote tulivyoyachukia zamani, akawa anayajibu kwa maneno matatu, na aliyeuliza akarudi kwa mlango wa nyuma. Nikamwonyesha meneja daftari. Nikamwambia, wiki hiyo ya mtu mmoja tunailipa tayari, ila tunailipa kwa vipande vya dakika kumi kumi kutoka kwa watu kumi na mmoja, na vipande hivyo hakuna anayeviona. Akakubali kwa miezi mitatu ya majaribio. Hakuna aliyekumbuka majaribio hayo yalipokwisha. (Hatukuwa wavumbuzi wa chochote hapa. Timu za Google zinazolinda mifumo isianguke zimeandika hadharani kwamba kazi za kuzimazima moto hazipaswi kuzidi asilimia 50 ya muda wao, na kwamba aliye zamu asitarajiwe kuendeleza miradi mingine.)

Wiki yangu ya kwanza ya zamu ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimezoea kumaliza siku nikiwa na kitu cha kuonyesha. Jioni ya Jumatatu nilikuwa na maswali kumi na manane yaliyojibiwa na mstari sifuri wa msimbo, na nilijiona kama nimeshinda bure. Lakini tulikuwa tumekubaliana jambo moja dogo: kila swali liandikwe kwenye jedwali, nani kauliza, kauliza nini, ilichukua muda gani. Ijumaa nikalipanga lile jedwali kwa aina.

Swali la barua pepe iliyopotea lilikuwa limeulizwa mara tisa.

Mara tisa ndani ya wiki moja, na watu tofauti, na mimi nilijibu zote tisa kwa kufungua hifadhidata na kubadili safu kwa mkono, jambo ambalo ukilifikiria usiku huwezi kulala. Kabla ya zamu, maswali hayo tisa yangetawanyika kwa watu sita au saba, kila mmoja akaulizwa mara moja au mbili, na kila mmoja angeona ni kausumbufu kadogo tu. Usumbufu uliogawanywa hauna sura. Ulipokusanywa mahali pamoja ukawa na umbo, jina na ukubwa.

Wiki iliyofuata tulitengeneza ukurasa. Watu wa huduma kwa wateja wanaingia, wanamtafuta mteja, mfumo unamhakikisha kwa namba yake ya simu, wanabadilisha barua pepe, na kumbukumbu inabaki ya nani kabadilisha nini. Siku mbili za kazi, na ya tatu ya kusahihisha tulichokosea. Swali hilo halijaulizwa tena. Yule mwenzetu muungwana alikuja mezani kwangu kushukuru, na ndiyo, alinigusa begani.

Baada ya hapo ukawa mchezo. Kila Ijumaa anayemaliza zamu huchagua swali moja lililomsumbua kuliko mengine, na Jumatatu, mwenzake anapoanza zamu, yeye hupewa siku mbili za kulizika. Mengine yalizikwa kwa aya tatu za maelezo. Moja lilizikwa kwa kubadilisha maneno ya ujumbe wa hitilafu: mfumo ulikuwa unasema "ombi batili", watu wakipiga simu kuuliza ubatili ni upi, tukaandika "tarehe ya mwisho iko kabla ya tarehe ya mwanzo", simu zikakoma. Sikuwahi kufikiri kwamba sentensi moja kwenye skrini ya mteja inaweza kumrudishia mtu wa timu yangu saa nzima kwa wiki.

Sasa sehemu ambayo siisimulii kwa kujisifu.

Miezi michache baada ya zamu kushika, tulikuwa na ofisi tulivu sana. Wageni walisifu. Wakati huo tulipokea kijana, kazi yake ya kwanza kabisa, mwenye bidii na asiye na maneno. Alipewa tikiti ya kuongeza safu kwenye ripoti, kazi ya nusu siku. Jumatano tukamuuliza inaendaje, akasema vizuri. Alhamisi akasema vizuri. Ijumaa mchana nilipita nyuma yake nikaona skrini: kompyuta yake ilikuwa haiwezi hata kuunganishwa na hifadhidata ya majaribio. Hakuwa na ruhusa. Ruhusa hutolewa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Siku tatu alikuwa anasoma makala za intaneti akijaribu kujitatulia jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kulitatua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa upole, "Niliona nyote mna kazi, na hedifoni. Sikutaka kuwa msumbufu."

Tumekua tukiambiwa kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nimejenga mahali ambapo kuuliza kumekuwa utovu wa adabu. Zamu ilikuwa ya maswali ya nje. Maswali ya ndani, ya mgeni kwa wenyeji, hatukuyawekea chochote zaidi ya ukimya. Na ukimya wa timu husomwa tofauti na kila mtu: mkongwe husoma ruhusa ya kuwaza, mgeni husoma karipio.

Tulichofanya ni kuweka kipimo cha muda. Ukikwama, jaribu mwenyewe kwa nusu saa, ukiandika ulichojaribu. Nusu saa ikiisha, uliza, na kuuliza hapo ni wajibu wako, hakuna mjadala wa kama unasumbua. Maandishi hayo ya nusu saa yanasaidia kuliko nilivyotarajia. Mara nyingi mtu akiwa katikati ya kuandika "nimejaribu hiki, kikaleta kile" anaona mwenyewe alipokosea, na swali halitumwi. Likitumwa, linafika limekamilika, na anayejibu hahitaji kuanza na "umewasha na kuzima?" Pia kila mgeni sasa ana mtu wake mmoja wa kumkatiza kwa miezi miwili ya kwanza, bila kuomba radhi, na mtu huyo hupunguziwa kazi. Ikikulazimu kuchagua kati ya mkongwe aliyekatizwa na mgeni aliyekwama kimya, mpe mgeni. Mkongwe atalalamika, ndiyo dalili kwamba yuko salama.

Kwenye gumzo tulikubaliana jambo moja tu. Salamu na swali ziende pamoja. Unajua zile meseji: "Habari za saa hizi." Kisha hakuna kitu. Umeacha ulichokuwa unafanya, umejibu "nzuri, za kwako?", sasa unatazama vile vidoti vitatu vinacheza, vinakoma, vinacheza tena. Hakuna aliyetaka kuondoa salamu, na kwa kweli mimi ningepinga. Mtu anayekuvamia na swali bila hata habari za asubuhi ananikera vilevile. Andika zote mbili, tuma mara moja, uende zako. Nitajibu nikiibuka.

Vikao sina mengi ya kusema. Vipange mwanzoni au mwishoni mwa nusu siku, visikae katikati kama mwiba. Arifa zima zote, kisha urudishe mojamoja zile unazozikosa kweli. Mimi nimerudisha mbili.

Kuna wakati mmoja tu ambapo kwetu mtu haguswi kabisa, hata na aliye zamu, na kanuni hiyo tumeiazima kwa marubani. Mwaka 1974 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani. Uchunguzi ulionyesha kwamba marubani walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu safari wakati ndege ikishuka. Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, iliweka sheria: chini ya futi 10,000, ndani ya chumba cha rubani hakuna mazungumzo wala shughuli yoyote isiyohusu usalama wa safari. Ninachokipenda kwenye sheria hiyo ni kwamba haikuwaambia marubani wasiongee safari nzima. Juu ya mawingu pigeni soga. Imetaja sehemu za safari ambazo kosa halina nafasi ya kurekebishwa, kama kupaa na kutua, ikazifunga. Kwetu ni pale mtu anapobadilisha muundo wa hifadhidata iliyo hai, au anapopandisha toleo jipya kwenye seva za wateja. Anaandika kwenye gumzo "nashuka", na mpaka aandike "nimetua" hata mkurugenzi anasubiri. Mkurugenzi alisubiri mara moja dakika arobaini, amesimama mlangoni na karatasi zake. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa kila mgeni.

Si kwamba tumefika. Kuna meneja wa mauzo ambaye mpaka leo hatumii chumba cha zamu. Anakuja mwenyewe, anakaa kwenye ukingo wa meza, na tabasamu lake ni la mtu usiyeweza kumwelekeza dirisha la pili. Na safu ya tatu ya daftari langu sijaimaliza. Nimepunguza muda wa kujenga msimbo kutoka sekunde arobaini hadi kumi na mbili, kwa sababu nilijua sekunde zile ndizo mlango ninaotorokea, na imesaidia, lakini kazi ikiwa ngumu mkono bado unakwenda kwenye simu.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu. Alhamisi yalikuja maswali kumi na moja, kumi nikayajibu. La kumi na moja lilikuwa la fedha, hesabu ya mwezi uliopita hailingani na ya benki kwa tofauti ndogo sana, na jibu lake lilikuwa kwa yule dada wa hifadhidata, si kwingine. Nikawaandikia watu wa fedha kwamba nimelipokea, watapata jibu kabla ya saa tisa. Nikainuka.

Nilipofika nyuma ya kiti chake alikuwa anaandika kwa kasi, mstari juu ya mstari. Shamsi Iqbal na Brian Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha zamani kwamba kukatizwa mtu anapovuka kutoka hatua moja kwenda nyingine kunamgharimu kidogo kuliko kukatizwa akiwa katikati ya hatua. Sikuhitaji utafiti, nilikuwa namwangalia vidole. Nikasimama kando, mikono nyuma. Akaandika mabano ya kufunga, akabonyeza kuhifadhi, akaendesha majaribio. Vidole vikaachia kibodi. Akajinyoosha, akaniona.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Dakika nne hivi."

"Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa hujatua."

Akavuta kiti cha jirani kwa mguu, akanisogezea. "Haya, lete."